Uzinduzi wa Shimo

Siku Wepukhulu aliponiletea mota ya friji
imefungwa kwenye shuka kama kichanga,
nilimwambia, ilaze mezani polepole.
Tukaichomeka. Ikakohoa. Ikaanza kuguna
mguno wa karani aliyeulizwa mhuri uko wapi.
Nikabandika simu ubavuni mwake kwa plasta
na nikausikia, naapa, Mlima Wanale ukijikuna.

Hivyo ndivyo tunavyotengeneza muziki huku Namakwekwe:
chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga,
kompyuta iliyong'oka herufi ya K,
ndiyo maana kazi zetu zinaitwa
Ofia, Ucha, Elele za Wanza.

Watu huuliza: sasa hapa tunacheza kwa mguu gani?
Sijui. Mimi hucheza kwa meno.
Ngoma za kadodi tumezivuta, tumezivuta tena,
mpaka pigo moja likapata sebule,
na ndani ya sebule mtu amekaa
anamenya matoke, hana haraka.

Na video! Ee, video.
Nandutu ndiye Waziri wa Mashimo:
koti la marehemu babake, mabega yanafika kabla yake,
miwani ya kuchomelea vyuma,
mbuzi wawili wa usalama, nyaya masikioni.
Barabara ya Naboa, saa moja asubuhi,
utepe mwekundu, mkasi wa kinyozi.
Akahutubia:

*Wenzangu wa barabara, leo nawapa heshima,*
*shimo hili ni imara, limechimbwa kwa huruma,*
*halina hata hasara, vyura wameunda chama,*
*anayepita kwa gari, ashuke aogelee.*

Kiswahili hicho nilimfundisha mimi.
Nilikiokota kambini Bugema, baba akiwa koplo.
Majirani wa mama hawakukipenda;
kwao kiliwahi kuja usiku
kikigonga mlango kwa kitako cha bunduki.
Sasa kinagonga shimo,
na shimo linajibu kwa sauti ya friji:
karibu, vua viatu.

Tuliionyesha kibandani kwa Khaukha, shilingi mia tano,
katikati ya filamu mbili za makofi na mateke.
Dakika ya kwanza, kimya.
Dakika ya pili mtu akauliza, hii ni nini?
Hakujibiwa. Waliojua walikuwa watatu
na kati ya hao watatu mimi nilikuwa na shaka.
Kisha mbuzi mmoja akala utepe
(hilo hatukulipanga)
na mama muuza malewa akacheka
mpaka akavua kilemba ajifutie macho.
"Lakini lile la kwetu," akasema, "lilizinduliwa hivihivi,
ila mbuzi walikaa viti vya mbele."

Hapo umeme ukakatika.

Giza. Jasho. Harufu ya karanga.
Nikangoja wadai pesa zao.
Huko nyuma mtoto akaanza: *nnnggrrr*,
mota yenyewe, hata kikohozi hakukisahau.
Mwingine akaingia juu yake, mwembamba, kama mbu.
Benchi likapigwa. Mtu akatikisa kifungu cha funguo.
Khaukha, mwenye kibanda, mtu wa hesabu,
akasugua bati kwa ufunguo wa spana
huku Nandutu amepanda kiti gizani,
waziri bila uso, akizindua giza,
akilishukuru kwa kufika kwa wakati.

Sikurekodi. Simu ilikuwa na asilimia mbili
nami nilikuwa na mikono miwili, yote inapiga ukuta.

Mota tuliirudisha Jumatatu.
Ilikuwa ya shangazi yake Wepukhulu, naye hakuwa anajua;
alidhani soda zimepata joto kwa sababu ya dunia.
Siku hizi napita dukani kwake, naagiza soda nisiyoitaka,
naegemea friji, sikio kwenye bati.
"Unaumwa?" ananiuliza.
Namwambia, ngoja kidogo, shangazi,
inakaribia pale inapokohoa.